Sura ya Sita: Kosa la Mkono wa Mwingine

Mwaka 1976 vikongwe walikuwa wakiuawa katika mikoa ya Shinyanga na Mwanza. Wengi wao walikuwa wanawake wajane walioshukiwa uchawi, na mara nyingi ushahidi wenyewe ulikuwa macho mekundu: macho yaliyoharibiwa na moshi wa samadi ya ng'ombe iliyopikiwa miaka nenda miaka rudi badala ya kuni, katika nchi ya Usukuma iliyokwisha miti. Serikali ikaamua kuingia kwa nguvu. Polisi na maofisa wa usalama wakakamata mamia ya watu, wakawaweka ndani, wakataka wakiri. Watu waliteswa. Baadhi yao hawakutoka hai.

Waziri wa Mambo ya Ndani wakati huo alikuwa Ali Hassan Mwinyi, mwalimu wa shule kwa taaluma, mtu mpole ambaye miaka michache kabla alikuwa Waziri wa Afya. Hakumgusa mtu yeyote, wala hakutuhumiwa kuagiza mtu apigwe. Habari za mateso yale zilipothibitika, alimwandikia Rais Nyerere barua ya kujiuzulu, na mwezi Januari 1977 akaondoka. Hakuondoka peke yake. Peter Siyovelwa, waziri aliyeshughulikia usalama katika Ofisi ya Rais, aliondoka pia, na wakuu wa mikoa yote miwili wakafuata. Baadhi ya maofisa waliohusika moja kwa moja walifikishwa mahakamani na kutiwa hatiani.

Mambo makubwa yalifuatana haraka baada ya hapo. Tarehe 5 Februari 1977 TANU na Afro-Shirazi Party ziliungana kuwa Chama cha Mapinduzi. Tarehe 13 Februari Edward Sokoine aliapishwa kuwa Waziri Mkuu. Kwa hiyo barua ile ilisahaulika upesi, ikaja kukumbukwa miaka mingi baadaye kila mara waziri fulani alipokalia kiti chake huku nchi nzima ikimtaka ainuke.

Watu wakisimuliwa habari hii, barazani au kijiweni, hawakosi kuuliza: kosa la waziri lilikuwa nini hasa? Yeye alikuwa Dar es Salaam ofisini. Aliyeshika rungu alikuwa Shinyanga. Swali hilo ni la haki na halipaswi kupuuzwa. Sheria ya jinai haimfungi mtu kwa kosa la mkono wa mwingine, na Mungu atunusuru na siku itakapoanza kufanya hivyo. Lakini aliyepewa wizara hakupewa ili apimwe kwa kipimo cha mshtakiwa, kwamba asipothibitishiwa kosa basi yuko salama na aendelee na kazi.

Tuangalie amri inavyosafiri. Sisemi kwamba ndivyo ilivyokuwa neno kwa neno mwaka ule. Nasema ndivyo amri za namna ile zinavyosafiri popote penye dola. Wakubwa wanasema mauaji yakome. Mkuu wa mkoa, ambaye hataki kuonekana mzembe, anasema yakome ndani ya miezi mitatu. Kamanda wa polisi anatafsiri hilo kuwa kila wiki ipatikane idadi ya waliokamatwa, na idadi isipungue. Mkuu wa kituo ana askari wachache, gari lisilo na mafuta, na hana mpelelezi hata mmoja aliyesomea kazi hiyo. Yeye anaelewa kwamba anatakiwa awe na watu waliokiri. Askari wa zamu anapewa chumba, usiku na mtu aliyefungwa mikono. Hakuna hata mmoja katika msururu huo aliyeandika neno "piga". Ukitafuta karatasi hutaiona. Amri iliondoka juu ikiwa na nia njema, ikaota meno njiani.

Kama karatasi haipo, basi kila mtu katika msururu anaweza kunawa mikono, na wa mwisho tu ndiye atakayebaki na damu. Askari atafungwa, na mfumo uliomtuma utaajiri askari mwingine. Ndiyo maana wajibu hauna budi kupanda ngazi zile zile ambazo amri ilizishukia, hadi kwa mtu ambaye kazi yake ilikuwa kuuliza na hakuuliza. Waziri wa Mambo ya Ndani halipwi mshahara ili apige, na kutopiga kwake si sifa. Analipwa ili ajue nani yuko mahabusu, kwa kosa gani, tangu lini, nani amekufa humo na daktari aliandika nini. Hiyo ni kazi ya kuchosha isiyo na picha magazetini. Uadilifu wa mwenye cheo, kwa sehemu kubwa, ni uvumilivu wa kufanya kazi hiyo ya kuchosha. Tumezoea kuutafuta kwenye fedha tu, kana kwamba waziri asiyeiba amemaliza deni lake kwetu.

Hapa ndipo niwe mkali kidogo kwa wanaomsifu Mzee Mwinyi. Kujiuzulu kwake kulikuwa kitendo cha heshima, lakini kilikuja baada ya kazi kushindikana. Heshima ile haikumfufua mtu. Anayeisimulia barua bila kuwasimulia waliokufa anaisimulia nusu.

Kuna namna nyingine ya kuiharibu hadithi hii, nayo imeenea zaidi. Husimuliwa hivi: alijiuzulu kwa uungwana, akatupwa ubalozini Misri, akakaa huko miaka kama mitano, kisha Mungu akamlipa. Alirudi akapewa uwaziri tena, Januari 1984 Aboud Jumbe alipong'oka Zanzibar akawekwa yeye kuwa Rais wa Visiwani, na tarehe 5 Novemba 1985 akaapishwa kuwa Rais wa Jamhuri ya Muungano. Matukio hayo yote ni kweli. Lakini ukiyapanga namna hiyo, kujiuzulu kunageuka kuwa mtaji: weka leo, vuna baada ya miaka minane. Mwanasiasa kijana akisikia, anachojifunza si kuwajibika bali kusubiri. Uzito wa barua ya Januari 1977 unatokana na kwamba aliyeiandika hakuwa na namna ya kujua kitakachofuata. Chama kilikuwa kimoja, njia ya kupanda ilikuwa moja, na aliyeshuka alikuwa ameshuka.

Na urais wake wenyewe unatuzuia kumfanya mtakatifu. Turudi nyuma kidogo. Azimio la Arusha, lililotangazwa Februari 1967, liliwawekea viongozi miiko: kiongozi asiwe na hisa katika kampuni yoyote, asiwe mkurugenzi wa kampuni binafsi, asipokee mishahara miwili au zaidi, asiwe na nyumba ya kupangisha. Miiko hiyo iligusa wengi, kuanzia mawaziri na wabunge hadi madiwani na watumishi wa serikali wa ngazi ya kati, na mume au mke wa kiongozi alihesabiwa pamoja naye. Bibi Titi Mohammed, mwanamke aliyeijaza TANU wanawake kuliko mtu yeyote mwingine, alikuwa na nyumba ya kupangisha; hakukubaliana na miiko ile, akaachia ujumbe wake katika uongozi wa chama mwaka huo huo. Mtu anaweza kumlaumu au kumtetea, lakini hakuna anayeweza kusema alijificha.

Chini ya Rais Mwinyi, mwezi Februari 1991, uongozi wa CCM ulikutana Zanzibar ukailegeza miiko hiyo. Mwanachama akaruhusiwa kuwa na hisa, kupokea zaidi ya mshahara mmoja na kupangisha nyumba. Sababu zilikuwepo na tusijifanye hatuzijui. Mshahara wa mtumishi wa serikali katika miaka ya 1980 haukufika hata nusu ya mwezi. Walimu walifuga kuku, makarani waliuza maandazi ofisini, madaktari walikuwa na mashamba. Kumwambia mtu huyo asiwe na kipato cha pili kulikuwa kumwagiza aibe au alale njaa, na sheria inayomwachia mtu mwaminifu njia hizo mbili tu ni sheria mbovu hata kama imeandikwa na mtu mwema. Kwa hiyo mlango ulistahili kufunguliwa. Kosa lilikuwa kuufungua bila kuweka mlinzi. Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma, inayowataka viongozi kutamka mali na madeni yao, ilikuja mwaka 1995, miaka minne baadaye. Benjamin Mkapa alipoingia Ikulu aliunda tume chini ya Jaji Joseph Warioba, na ripoti yake ya 1996 ilieleza rushwa iliyokuwa imeingia karibu kila ofisi ambayo mwananchi wa kawaida hulazimika kubisha hodi: polisi, mahakama, hospitali, ardhi.

Mtu yule yule, basi, aliyeondoka kwa kosa la askari wake, alitawala katika miaka ambayo rushwa ilizoeleka. Wala sioni kinyume katika hilo. Tabia njema ya mtu mmoja ina mwisho wa urefu wake; inafika pale macho yake yanapofika. Zaidi ya hapo panahitajika daftari, mkaguzi, gazeti na mbunge mwenye kuuliza.

Tunao mfano wa upande wa pili, na kwa kuwa Sokoine ni kipenzi cha wengi, nautaja nikijua utaniletea maneno. Uchapakazi wake haukuwa na shaka, na aliposhika uwaziri mkuu kwa mara ya pili mwaka 1983 aliwavaa walanguzi na wahujumu uchumi bila kujali nani ni rafiki wa nani. Mwaka huo huo ikaja Sheria ya Nguvukazi iliyotaka kila mtu mwenye uwezo awe na kazi inayojulikana. Wananchi waliochoka kupanga foleni ya sukari na sabuni walimshangilia, na alipofariki kwa ajali ya gari pale Dakawa, Morogoro, tarehe 12 Aprili 1984, nchi ililia kweli kweli. Hata hivyo mabaraza maalumu yaliwekwa nje ya mahakama za kawaida, watu walikamatwa kwanza na sababu ikatafutwa baadaye, na pamoja na mapapa walinaswa wenye duka la vitenge viwili vitatu. Nia ilikuwa safi na mikono ilikuwa safi. Njia ndiyo iliyokuwa na walakini, na walakini wake ulifanana mno na ule wa Shinyanga: matokeo yanatakiwa haraka, na aliye chini anajua hataulizwa aliyapataje.

Ukiruka hadi Desemba 2013 unaweza kudhani historia ilikuwa imelala tu. Majangili walikuwa wakimaliza tembo. Oktoba mwaka huo serikali ilianzisha Operesheni Tokomeza, wanajeshi, polisi na askari wa wanyamapori wakiwa pamoja. Lengo lilikuwa jema kabisa. Lakini malalamiko yakaanza kumiminika bungeni: watu wamepigwa, wamedhalilishwa, wameuawa, mifugo imepigwa risasi. Operesheni ikasitishwa. Kamati ya Bunge iliyochunguza iliongozwa na James Lembeli, mbunge wa Kahama, na Kahama ni Shinyanga. Tarehe 20 Desemba ripoti ilisomwa. Khamis Kagasheki, Waziri wa Maliasili na Utalii, alisimama ukumbini akatangaza kujiuzulu. Kisha Waziri Mkuu Mizengo Pinda akatangaza kwamba Rais Kikwete ametengua uteuzi wa wengine watatu: Emmanuel Nchimbi wa Mambo ya Ndani, Shamsi Vuai Nahodha wa Ulinzi na Mathayo David Mathayo wa Mifugo.

Baada ya miaka michache Nchimbi alikwenda ubalozini, kwanza Brazil kisha Misri, akarudi kuwa Katibu Mkuu wa CCM mwaka 2024, na mwaka 2025 akawa Makamu wa Rais. Waziri wa Mambo ya Ndani, operesheni, Cairo, kisha juu tena. Anayependa kusoma nyota atafurahi. Mimi naona tofauti moja isiyofichika: mwaka 1977 kumbukumbu inatuonyesha barua, na mwaka 2013, ukimwacha Kagasheki, inatuonyesha utenguzi. Katiba yetu ya 1977 inampa Rais mamlaka ya kumteua na kumwondoa waziri. Bunge linaweza kupiga kura ya kutokuwa na imani na Waziri Mkuu, lakini halina kura ya kumng'oa waziri mmoja mmoja. Aprili 2012, baada ya ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali kuwasha moto bungeni, wabunge walilazimika kukusanya saini dhidi ya Waziri Mkuu mzima ili mawaziri sita wapate kuondolewa. Huo ni mzunguko mrefu mno, na waziri anayejua mzunguko ni mrefu hana haraka ya kuandika barua.

Kuna ambao hawataki kumweka Edward Lowassa katika orodha hii, lakini huwezi kumwacha. Alijiuzulu uwaziri mkuu tarehe 7 Februari 2008, baada ya kamati ya Bunge chini ya Dk. Harrison Mwakyembe kusoma ripoti yake juu ya mkataba wa umeme wa dharura na Richmond. Alisema kamati haikumwita kumsikiliza, na hilo ni lalamiko zito: mtu asihukumiwe bila kuulizwa. Mawaziri wawili, Nazir Karamagi na Ibrahim Msabaha, walijiuzulu pamoja naye. Wengi tulidhani nchi imevuka. Mwaka 2010 baraza la usuluhishi la kimataifa liliamua TANESCO iilipe Dowans, kampuni iliyorithi mkataba ule, takriban shilingi bilioni 94. Waziri Mkuu alikwisha kwenda, bili ikabaki. Mimi nimejifunza kutoshangilia sana waziri anapoondoka, hadi nione kama mkataba, kanuni au utaratibu uliomponza umeondoka naye.

Lowassa alifariki tarehe 10 Februari 2024, na Mwinyi tarehe 29 ya mwezi huo huo. Katika wiki tatu nchi ikawazika viongozi wake wawili wanaojulikana zaidi kwa kujiuzulu. Hotuba zilikuwa nyingi.

Lakini wizara ni mbali na maisha ya wengi wetu. Mtawala tunayekutana naye ni mkuu wa wilaya, na kwake suala hili hupimwa kwa saa. Sheria ya Tawala za Mikoa ya mwaka 1997 inamruhusu mkuu wa mkoa au wa wilaya kuagiza mtu akamatwe na kuwekwa ndani kwa muda usiozidi saa 48. Mamlaka hayo yalikusudiwa kwa mtu anayehatarisha amani pale ambapo hakuna njia nyingine, naye anapaswa kufikishwa mahakamani. Tumeona yakitumika kwa mwenyekiti wa kijiji aliyebishana mkutanoni, kwa mtumishi aliyechelewa kikao, kwa diwani wa chama kingine, kwa mwandishi wa habari. Kamera zipo, umati upo, na amri inatoka kwa sauti: mweke ndani. Watu hupiga makofi. Hata mimi, ninapomwona mkandarasi aliyekula fedha za kisima akipandishwa kwenye gari la polisi, mkono huniwasha kupiga makofi. Makofi hayo ndiyo yanayomfundisha mkuu wa wilaya kwamba hataulizwa. Na kiongozi anayezoea saa 48 za bure katika wilaya, akipandishwa cheo, hawezi ghafla kuwa mtu wa kukagua daftari la mahabusu.

Mwananchi wa kijijini haombi kutunga Katiba. Akishuhudia mtu akiwekwa ndani namna hiyo, aulize mambo mawili: kosa ni lipi kisheria, na ni lini atafikishwa kwa hakimu. Aulize mkutanoni, kwa adabu, mbele ya mtendaji. Diwani aulize katika baraza la halmashauri, na muhtasari uandikwe. Muhtasari wa kikao ni karatasi dhaifu, lakini ni karatasi, na tumekwisha kuona kinachotokea mahali ambapo karatasi haipo.

Nimebaki na waliokufa Shinyanga na Mwanza. Majina ya mawaziri tunayo, tarehe tunazo, hata nafasi walizopata baadaye tunazijua. Majina ya waliofia mikononi mwa dola mwaka 1976 hayamo katika vitabu vya shule, na hayatajwi katika hotuba za kumbukumbu. Vivyo hivyo majina ya vikongwe waliouawa na majirani zao kwa sababu ya macho mekundu. Walioshuhudia wakiwa vijana wa miaka ishirini sasa ni wazee wa miaka sabini, na hawatakaa sana. Ndugu msomaji, kama una baba, shangazi au jirani aliyekuwa Shinyanga, Kahama, Maswa au Kwimba mwaka ule, keti naye, chukua daftari, mwombe majina, na uandike kila jina pamoja na kijiji chake.